Gari la Daktari Lobo, Namba Kumi na Tisa

Daftari hili aliniletea Boni hospitali, siku ya tatu baada ya giaboksi ya lori la saruji kunishukia mkononi. Akasema vijana wa karakana mnataka niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa vidole vimevunjika lakini mdomo mzima. Nimekubali. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zinatembea kama kuku aliyekanyaga grisi, msinicheke. Au chekeni tu, mie ndiye niliyewafundisha.

Nina miaka thelathini na sita na tayari mstaafu. Vyeo sitavitaja, maana nilipata viwili, na cha pili nilipewa kwa sababu mwenye nacho alihamia Tanga. Mshahara mnaujua, mnapokea uleule.

Nitaanza na swali mliloniuliza wiki ile kabla sijaumia. Mlikuwa mnabishana juu ya gari jekundu la yule mwalimu mgeni, lile la viti viwili, analotaka kutuachia akienda kwao likizo ndefu. Mmoja wenu akasema gari la mbio likitengenezwa machache, basi linavyozeeka ndivyo linavyopanda thamani, mwisho linakuwa kitu cha kutunzwa kama dhahabu. Mwingine akasema chuma ni chuma, kikizeeka ni kutu. Mwingine, sitamtaja, akasema kabureta zake zingetufaa. Mkanigeukia mie kaka yenu mkubwa niamue. Nikatania kitu, nikaondoka kwenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Leo nawajibu. Ila jibu liko mbali kidogo, itabidi twende wote.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru. Shule ya msingi nimemaliza, sekondari haikuniita. Siku ya kwanza nilifika hapo Temeke nimevaa shati jeupe, maana mama alisema kazini mtu anakwenda nadhifu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shomari, mtu wa hapahapa mjini, babu zake waliukuta mji haujawa mji. Kofia yake ya kushona kwa mkono ilikuwa na alama ya kidole cha oili mbele, pale anapoishika akitaka kufikiri. Aliniangalia toka juu mpaka chini akaniuliza kama nimekuja kuoa. Nikamwambia kama bibi harusi ndiye lile lori la nyuma, mie simo, anakoroma.

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Alinipeleka kwenye lori lenyewe, akaliwasha, akanipa bisibisi ndefu, akaniambia ncha niweke kwenye injini na mpini niuweke sikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mtu anasaga karanga, mzee."

"Anasagia wapi?"

Nikahamisha ncha polepole, pistoni ya kwanza, ya pili, nikafika ya tatu nikamwambia hapa ndipo jikoni. Mpaka alasiri tulikuwa tumeshusha bakuli la oili, na beringi ya tatu ilikuwa imeliwa kweli. Mzee Shomari akaishika kofia yake, akasema, "Sikio unalo. Tatizo lako litakuwa mdomo." Nililichukua kama sifa.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Kukata gasketi kwenye boksi la sabuni na kuiloweka oili. Kupima nafasi ya plagi kwa wembe wakati kipimo kimepotea. Kutomwambia mwenye gari "nitajaribu" wakati unajua hutaweza. Miaka ile, Azimio lilipokuja na spea zikaanza kuadimika, fundi wa Temeke alikuwa nusu fundi nusu mchawi. Nimeona lori la mkaa kutoka Madale likiteremka vilima bila breki ya nyuma, tena dereva anatupungia mkono. Tulilitengeneza kwa mpira wa kandambili. Msiige.

Sasa kuna sheria moja ya karakana ambayo nyie hamkuikuta, kwa sababu mie ndiye niliyeiua.

Gari la matengenezo lilikuwa gari la matengenezo. Lakini mtu akisafiri, au akiugua, akituachia gari lake tumtunzie, Mzee Shomari alichana ukanda wa bafta nyeupe, akaufunga kwenye usukani, fundo moja, midomo yake ikisema maneno yake taratibu. Halafu anatugeukia: "Hili si letu." Basi. Toka hapo hata kifuniko cha pumzi ya tairi hakuna anayekigusa. Nimeona lori limekaa wiki nne halina plagi, na hatua tatu pembeni kuna gari lina plagi nne mpya na kitambaa cheupe. Tukasubiri meli ya spea. Wenye lori walitutukana mpaka wakachoka, mzee anawaambia karibuni chai.

Daktari Lobo alikuwa daktari wa meno, Mgoa mzaliwa wa hapa, Kiswahili chake cha Dar kuliko changu. Aliwahi kuning'oa gego. Kila mgonjwa alikuwa anambembeleza afungue mdomo, mie alinibembeleza nifunge, hakupata nafasi ya kuingiza koleo.

Alikuwa na gari la mbio, la kijani, fupi, la chini kama kiatu. Ukiingia unakaa kama unaoga kwenye karai. Bodi yake ilikuwa alumini tupu, imefuliwa kwa nyundo na mikono ya watu. Boni, fundi bodi wetu, kwao Newala ambako wajomba zake wanachonga mpingo, alilipapasa ubavuni kwa kiganja muda mrefu, anatafuta nyundo ilipopita. Hakupaona. Akasema tu, "Aliyefanya hii hakuwa na haraka."

Mwaka ule majumba yalipochukuliwa na Serikali, nyumba ya Daktari ilikwenda, na kliniki ilikuwa ndani ya nyumba. Akaamua kumfuata kaka yake ng'ambo. Gari hakuruhusiwa kuondoka nalo. Akaja nalo karakana asubuhi moja, akafungua boneti, akatuonyesha kibati cha shaba kimepigiliwa kwa misumari miwili midogo. Namba kumi na tisa, kati ya sitini.

"Yalitengenezwa sitini tu," akasema. "Kiwanda hakitengenezi tena. Mengine yatagongwa, mengine yataungua. Yatakayobaki watu watayatafuta kwa tochi."

Nikamwambia, "Daktari, mie nilitengenezwa mmoja tu, na hakuna anayenitafuta hata kwa kibiriti."

Tukacheka wote, na yeye. Kisha akamgeukia Mzee Shomari, hacheki tena. Akamwambia nyumba imekwenda, viti vya kliniki amevigawa, amebaki na hili tu. Siku akipata mahali pa kusimama huko aendako, atarudi kulichukua, alitumie kuanzia upya.

Mzee Shomari akamjibu neno moja: "Utalikuta."

Akachana bafta, akafunga fundo.

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya swala, mzee aliliwasha gari la Daktari. Alilipa oili, akalisogeza nusu hatua mbele na nusu nyuma ili matairi yasikae upande mmoja, akalifuta vumbi, akalifunika turubai. Sie tulimtania kwamba ana mke mdogo bandani. Mara moja tu, betri ilikuwa imelegea, akaniambia tulizungushe kidogo liamke. Mie ndiye niliyeshika usukani, kitambaa kikinigusa vidole. Tulikwenda mpaka karibu na Ubungo tukarudi. Sitaki kuwaeleza sauti ile. Nimeshika spana zaidi ya miaka kumi na saba, sijawahi kusikia injini inayoimba bila kulalamika popote. Niliposhuka sikutania. Nalisema hili ili msije mkasema nilikuwa sijui ninachokivunja.

Mwaka wa tatu Mzee Shomari alifiwa na dada yake Kisiju, akaenda msibani. Siku hizohizo tawi la Chama likaitisha mkutano wa wakazi, tunaelekea Sabasaba. Mwenyekiti alisema kuna kijiji kipya upande wa Madale, watu wamehamia, wanatwanga mahindi kwa kinu na visima viko mbali. Kila kikundi kiseme kitatoa nini. Washona viatu wakatoa kandambili za matairi. Kina mama wakatoa ngoma na mikono yao. Ikafika zamu ya karakana, mafundi wakanitazama mie, kama kawaida, mtu wa maneno.

Nilisimama bila kujua nitasema nini. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu, kusimama hivyo.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "sie karakana tuna bepari. Amelala bandani kwetu mwaka wa tatu, jembe halijui. Kila Ijumaa tunamwamsha, tunampa petroli, anakohoa, analala tena. Naomba naye akalime."

Uwanja mzima ulicheka. Mama mmoja alijifunika kanga usoni, mabega yanamcheza. Nikaendelea, nikaeleza bepari mwenyewe ni wa kijani, ana viti viwili, hata kuku hana pa kukaa, na injini yake ingetosha kuzungusha mashine ya kusaga. Nilisema ile ya mashine kwa sababu kicheko kilikuwa kinapungua. Walivyosikia mashine, hawakucheka tena. Walipiga makofi. Mwenyekiti akaandika.

Mkutano ulipokwisha aliniita pembeni. Alikuwa mtu makini, wala si mbaya.

"Ndugu Hemedi, hilo gari hasa ni la nani?"

Nafasi ilikuwepo hapo, jamani. Ningesema ni la mtu, mwenyekiti, nilikuwa natania. Angenikaripia kidogo, kesho angesahau. Lakini mikono yangu bado ilikuwa ya moto kwa kushikwa, na watu wanapita wananiita braza.

"La karakana, mwenyekiti," nikasema.

Kesho yake asubuhi tukaingia bandani. Boni akatoa turubai, akasimama na nyundo yake chini.

"Kitambaa kipo," akasema.

"Kitambaa hakisagi mahindi," nikamjibu. Vijana wakacheka. Boni akasema basi fungua mwenyewe, akatoka nje, siku mbili hakugusa kitu.

Nikakifungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza miaka mitatu, nikalitafuna kwa kucha. Kitambaa nikakitia mfukoni.

Tulimaliza kwa siku tatu. Bodi ikaenda Keko kwa wafua sufuria. Viti vikapelekwa tawini kwa heshima. Mwenyekiti akakaa kwenye kimoja, kidevu kikawa sawa na meza, akawa anasikiliza kesi za watu kama mtoto anayesubiri uji. Injini tukaifunga kwenye fremu, tukaitia mkanda, tukaipeleka kijijini. Ikawashwa mbele ya watu, vigelegele, nikabebwa juu juu.

Injini ile ilitengenezwa kukimbia. Ukiipunguza inazima, ukiiacha inapiga kelele mpaka mawe ya kusagia yanatoa moshi. Unga ulitoka umeungua, rangi ya chai. Halafu ilikunywa petroli, na petroli wakati ule hata magari ya wagonjwa yalipanga foleni. Baada ya wiki chache ikapasuka. Wanakijiji wakarudi kwenye kinu, wakafunga mbuzi kwenye fremu.

Na mama yangu, kwa furaha ya sifa zangu, akaenda Keko kununua mfuniko wa sufuria. Kwa ndani pembeni ulibaki na rangi ya kijani. Kila jioni nikila ugali nyumbani naiona pale ukingoni. Sikuwahi kumwambia kwa nini nakula nimegeukia ukuta.

Mzee Shomari alirudi toka msibani baada ya siku kumi tu. Aliingia, akatusalimia, akapokea pole za msiba, akaenda bandani moja kwa moja kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Tukabaki tumesimama. Alikaa huko kitambo. Alipotoka aliniita mie, hakumwita mwingine.

"Nani alifungua fundo?"

"Mie, mzee."

"Lilifunguka kirahisi?"

"Lilinisumbua kidogo."

"Basi ulipata muda wa kufikiri," akasema.

Nilianza kumweleza habari za mkutano, kijiji, taifa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia nilete kalamu. Yeye alisoma kwa herufi za Kiarabu tu, za kizungu hazijui, na Daktari za Kiarabu hazijui. Tukakaa kwenye tairi la lori, akanitajia cha kuandika: Daktari, gari lako limevunjwa. Sikuwepo, lakini amana ilikuwa yangu. Sina cha kukulipa, nakuomba radhi hapa duniani kabla ya kesho mbele ya Mungu.

"Jina lako usiliweke," akaongeza. "Yeye aliniachia mie."

Nilishika kalamu. Nimeandika risiti ngapi, mie. Nikajaribu herufi ya kwanza ya neno "limevunjwa", mkono ukakataa. Nikajisemea Daktari harudi huyu, nani anarudi, mzee anataka tu moyo wake utulie. Nikaandika: Daktari, gari lako lipo salama, usiwe na wasiwasi.

Nikampa asaini. Aliandika jina lake kwa Kiarabu, polepole, herufi nzuri zimelala kama zimetandikiwa, chini ya uongo wangu.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Daktari anashukuru, anasema alijua litakuwa salama. Mzee akaniita nimsomee. Alikuwa amevua kofia, kaishika kwa mikono miwili magotini. Nikaitazama barua, nikasema, "Anasema amekusamehe, mzee. Tena anakuombea afya."

Aliinama. Akasema alhamdulillahi, akafunga saumu siku tatu. Mie nikala, tena vizuri.

Toka hapo kila mwaka Daktari aliandika na mie nikajibu. Mzee nilikuwa namwambia anakusalimia, asaini salamu. Nikanogewa. Nikamwandikia Daktari gari linawashwa kila Ijumaa, juzi lilipiga chafya, tumelifuta vizuri, linakuulizia. Nilikuwa nacheka peke yangu ninapoandika. Huyo alikuwa mie.

Miaka mitatu iliyopita, Daktari Lobo alikuja.

Nyie mlikuwa hamjaajiriwa. Aliingia getini asubuhi, mvi tupu, koti limemzidi, mkononi ana kijitabu chembamba na bahasha. Mzee Shomari alimwona kwanza. Alitupa chini kila kitu, akaenda kumpokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anamwambia Daktari, Mungu akulipe kwa moyo wako.

"Anilipe mie kwa lipi, mzee wangu?" Daktari akasema, anacheka. "Mie ndiye nimekuja kukulipa."

Akafungua kijitabu. Huko ng'ambo wako watu wanaoyafuatilia magari yale sitini, moja moja, kama ndugu waliopotea. Hili liliungua, hili lilitumbukia mtoni, hili liko kwa fulani. Mengi yalikuwa yamekatwa mstari. Penye namba kumi na tisa paliandikwa: Dar es Salaam, salama. Ni yeye aliyewaandikia. Akasema miaka hii yote huko anang'oa meno kwa kuajiriwa, kwenye kliniki ya kijana wa kumzaa, na sasa mnunuzi amepatikana, tena ameapa hataliendesha, atalitunza tu. Kwa gari hilo moja atafungua mlango wake mwenyewe. Akauliza, "Lipo bandani palepale?"

Mzee Shomari hakuelewa. Nilimwona anatafuta. "Daktari," akasema, "si ulinijibu umesamehe?"

Daktari akatoa barua kwenye bahasha. Zote alizitunza. Mzee akazishika. Kusoma hakuweza, lakini jina lake aliliona, moja baada ya moja, chini ya kila karatasi. Akanyanyua macho akanitazama. Mie nilikuwa nimesimama na spana namba kumi na saba mkononi, mdomo huu ninaosifiwa nao umekauka.

Alinitazama muda wa kutosha. Alinipa nafasi, kama fundo lile.

Halafu akamgeukia Daktari. "Barua ni zangu," akasema. "Jina ni langu. Gari sina."

"Uliliuza?"

"Amana yako nimeipoteza."

"Mzee Shomari, nakuuliza, uliliuza?"

Mzee akamrudishia barua. Daktari alikusanya barua zake, zikamwanguka, Boni akamsaidia kuziokota. Boni naye alinitazama. Alijua nani alifungua fundo, za barua hakuzijua, na mzee alishamkataza toka zamani kulisema la fundo. Getini Daktari akageuka.

"Magari haya yanapotea, nilijua," akasema. "Ila nilikuwa nawaambia wale wa huko, langu halipotei, kuna mtu mmoja Temeke."

Akaondoka. Jioni nilimfuata mzee kwake, nikapiga magoti mlangoni, nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Alikuwa anatawadha. Akamaliza mguu wa pili ndipo akajibu.

"Wewe bado una miaka ya kazi, ukivunjika jina leo utakula nini? Mie nimemaliza." Akainuka. "Utasema siku yako."

Sikusema. Habari ilienea Temeke yote, kwamba Mzee Shomari ameuza gari la mtu aliyemwamini, tena akamdanganya kwa barua miaka na miaka. Watu wakaacha kutuachia magari. Akaacha kuja kazini. Mwaka jana akafariki. Kabla ya kuzikwa, mwanawe Abdu alisimama mbele ya jeneza kama desturi, akatangaza kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu alishika kitu cha mtu, ajitokeze sasa. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "La yule daktari je?" Watu wawili watatu wakaguna. Abdu alisikia, niliona shingo yake. Mie nilikuwa mstari wa mbele, nimeshika mguu wa jeneza kwa mkono huuhuu uliovunjika sasa. Nikalitazama jani chini mpaka tukanyanyua.

Msianze kusema giaboksi ilikuwa laana. Giaboksi ilianguka kwa sababu jeki ilikuwa mbovu na nilikuwa naijua.

Sasa jibu lenu. Ndiyo, yanapanda thamani. Si yote, maana uchache peke yake hautoshi, hata upofu wa jicho moja ni mchache na hautafutwi. Linapanda lile lililofanywa na watu wasio na haraka, halafu likapata mtu wa kulitunza miaka ambayo kila mtu analicheka. Huyo wa kulitunza ndiye adimu. Sie tulikuwa naye hapo Temeke bure.

Na kuna neno lenu. Mlivyoingia kazini mlilikuta, mnadhani ni la zamani. Fundi akificha kifaa cha mwenzake mnamwambia, "Braza, usinishomari." Mteja akisita kuacha gari mnacheka, mnasema anaogopa kushomariwa. Mlilisema mara ya kwanza mbele yangu, nikacheka. Mwezi uliofuata nikalitumia mwenyewe, Abdu yuko dukani ng'ambo ya barabara anaziba pancha, anasikia.

Nimemwandikia Daktari Lobo, kwa anwani ileile, kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua siku nne. Safari hii "limevunjwa" nimeliandika lote. Sijui kama yu hai.

Nawaomba kitu. Ijumaa, kabla watu hawajaenda kuoga, Boni awasomee daftari hili kwa sauti, hapo bandani, na Abdu aitwe. Nitakuja pia, nitasimama. Ndani ya jalada la nyuma mtakuta ukanda wa bafta. Ndio uleule, nimeufua mara nyingi, alama ya oili haitoki. Mpeni Abdu aufunge kwenye usukani wa gari jekundu la mwalimu, fundo moja, mbele yenu wote, na kabureta zake mziache zilipo.

Atakayelifungua fundo hilo kabla mwenyewe hajarudi, msiseme kamshomari mtu. Semeni kamhemedi. Mtazoea.